Je, wajua mistari mitupu huwezaje kuonyesha tabia ya mtu?

Chukua noti ya Tanzania ya shilingi 1,000 uitazame sura ya Mwalimu Nyerere kwa kioo cha kukuzia. Kivuli cha shavu kitageuka kuwa mistari na nukta zilizosogeana. Ufundi huo ni wa karne nyingi. Mchongaji husukuma patasi nyembamba ya chuma kwenye bamba la shaba, huku mkono wa pili ukilizungusha bamba pale mstari unapopinda. Akikandamiza, mfereji huingia ndani na mstari hunenepa ukichapwa. Akilegeza, hukonda hadi kupotea. Wino hujazwa mferejini, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Fundi hana rangi ya kijivu. Ana weusi wa wino na weupe wa karatasi, basi, na shughuli yote ni kuamua wapi arundike mistari na wapi aache.

Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alichonga sura za wasomi wawili mwaka mmoja, 1526, na ukizilinganisha utaona uamuzi huo unavyobadilisha mambo.

Philipp Melanchthon, mwanazuoni aliyeshirikiana kwa karibu na Martin Luther, amewekwa peke yake: nyuma anga, chini kibao cha maandishi. Tunamtazama kutoka chini kidogo, kwa hiyo paji la uso linapanda na kuitawala picha. Dürer ameliacha paji hilo karibu jeupe, kisha akapitisha mshipa uliotuna penye panja. Mshipa ule ndio unaotuambia huyu ni mtu wa kuwaza bila kupumzika. Jichoni mna mng'ao wenye umbo la dirisha, ingawa mtu mwenyewe anaonekana yuko nje. Dürer hakujali, alitaka jicho liwe hai. Kibao kinasema kwa Kilatini kwamba mkono stadi uliweza kuchora uso wa Philipp, lakini si akili yake. Mimi naona hapo fundi anajisifu kwa kujishusha.

Erasmus wa Rotterdam hakubahatika hivyo. Dürer alikuwa amemchora mwaka 1520, na bamba likaja miaka 6 baadaye. Picha imesheheni vitabu, chombo cha maua, kibao kikubwa na joho lenye mikunjo tele. Mistari ya joho ina uzito uleule wa mistari ya uso, hivyo jicho la mtazamaji linatangatanga. Erasmus mwenyewe aliandika kwamba si ajabu picha isipofanana naye, kwani hakuwa tena mtu yule wa miaka ile. Hata hivyo tabia ipo: imehamia kwenye vitabu, na kwenye mikono inayoshika kalamu na kidau cha wino.

Karne iliyofuata, Mfaransa Robert Nanteuil aligawa kazi: nukta na vijistari vifupi usoni, mistari mirefu kwenye nguo. Mara nyingi alichonga kichwa na mabega tu ndani ya fremu yenye umbo la yai. Meza hakuna, mikono haionekani, kwa hiyo kila kitu kinabaki kwenye kope na pembe za mdomo.

Mwenzake Claude Mellan, mwaka 1649, alichonga uso wa Yesu kwa mstari mmoja unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka hadi ukingoni, ukinenepa penye kivuli na kukonda penye mwanga. Ni maajabu ya mkono, ingawa kila nikiitazama najikuta naufuata mstari na kumsahau mwenye uso.