Je, wajua kwa nini huioni dhahabu ukiwa ndani ya mgodi wa dhahabu?

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka saba tuliposhuka naye kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu mjini Johannesburg. Tulikuwa tumevalishwa kofia ngumu zenye taa, na yake ilimpwaya, mwanga ukawa unapiga darini kuliko ukutani. Tulipofika chini aligeuka huku na huku, kisha akanivuta mkono: "Mama, iko wapi?" Nikamwonyesha, bila wasiwasi wowote, mahali palipokuwa pakimetameta kwa rangi ya njano. Mzee aliyekuwa akitutembeza akasogeza taa yake karibu na kidole changu, akatuambia kwa upole kwamba ile haikuwa dhahabu. Ilikuwa pairaiti, madini mengine ya njano yanayong'aa. Nilipomuuliza dhahabu yenyewe iko wapi, alijibu kwamba iko papo hapo tunapotazama, ila hatutaiona.

Jibu hilo lilinikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi watoto kinyume chake. Nyumbani niliwaeleza kwamba wachimbaji hufuata mstari unaong'aa, hubandua vipande vya dhahabu ukutani kama mtu anayechimbua viazi, na mng'ao ukiisha mgodi hufungwa. Nimegundua baadaye kwamba watu wazima wengi wanaamini hivyo hivyo.

Mgodi wenyewe kwanza. Ni shimo namba 14 la Crown Mines, ambalo leo liko ndani ya bustani ya burudani iitwayo Gold Reef City, kusini kidogo mwa katikati ya jiji. Dhahabu ya eneo lile ilitangazwa mwaka 1886 katika shamba la Langlaagte, na jiji la Johannesburg likaota mwaka huo huo juu ya mkanda wa mwamba unaoitwa Witwatersrand. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani, pengine zaidi, imetoka katika mkanda huo mmoja. Basi nilikuwa nimesimama mahali ambapo, kama kuta za mgodi zingekuwa za kung'aa, zilipaswa kung'aa kuliko popote. Lakini zilikuwa za kijivu.

Sababu ni kipimo. Wachimbaji hawahesabu dhahabu kwa vipande, wanaihesabu kwa gramu katika tani ya mawe. Katika migodi ya Witwatersrand zilikuwa gramu chache tu kwa tani. Tuchukue gramu 5 ili hesabu iwe nyepesi. Migodi mikubwa ya wazi ya siku hizi huchimba hata mwamba wenye gramu 1 au 2, na bado inapata faida.

Gramu 5 katika tani ni kiasi gani? Tani moja ya mwamba ule ni bonge la mraba lenye kama sentimita 72 kila upande. Dhahabu ni nzito mno, mara saba ya mwamba wa kawaida kwa ujazo ule ule, kwa hiyo gramu 5 zake hazichukui nafasi kubwa: ukizikusanya pamoja utapata kitu chenye ukubwa wa punje moja ya mahindi. Punje moja, katika bonge ambalo watu wanne hawaliinui. Sasa isage punje hiyo iwe vumbi, kwa sababu dhahabu nyingi ya kule imo katika chembe ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, kisha ulitawanye vumbi hilo ndani ya bonge zima. Ukilipasua bonge popote na kutazama uso uliopasuka, utaona nini?

Hesabu yake si ngumu. Katika mita moja ya mraba ya ukuta, dhahabu yote inayojitokeza kwa wastani haifiki milimita moja ya mraba. Ni chini ya kichwa cha pini. Na hata hiyo haijakaa mahali pamoja. Imegawanyika katika vijichembe mia na ushee vilivyotapakaa ukutani, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya chumvi laini. Mwanangu, na taa yake iliyolalia upande, hakuwa na namna ya kuviona. Wala mimi.

Lazima niongeze jambo hapa. Wastani huficha mengi. Dhahabu haikutawanyika sawasawa katika mwamba wote. Imejibana katika tabaka jembamba, mara nyingine halifiki hata mita moja kwa unene, na ndani ya tabaka hilo zipo sehemu zenye utajiri mara nyingi kuliko gramu 5. Zipo pia nchi ambako dhahabu hujikusanya katika mabonge yanayoonekana kwa macho: huko Victoria, Australia, mwaka 1869 wanaume wawili walikuta bonge lenye zaidi ya kilo 70 chini ya udongo, sentimita chache tu kutoka juu. Nadhani picha tuliyo nayo vichwani imetokana na mabonge kama hayo. Ni ya kweli, ila ni ya nadra, na migodi ya Johannesburg haikujengwa kwa mabonge.

Tabaka lenyewe ni zuri kulitazama, hata bila kuiona dhahabu. Ukiwahi kula kashata za karanga, umeshauona mwamba ule: kokoto nyeupe za mviringo zimeganda ndani ya kitu cheusi kinachozishikanisha. Makaburu walipouona waliuita kwa jina la peremende yao ya lozi, *banket*, na jina hilo limebaki katika vitabu vya jiolojia. Jambo la kushangaza ni kwamba dhahabu haimo kwenye karanga. Imo kwenye sukari, yaani katika kile kinachojaza nafasi kati ya kokoto na kokoto.

Kokoto zile zimelainika pembe kama za mtoni, na kweli zilibebwa na mito, karibu miaka bilioni 3 iliyopita. Maelezo ya kawaida ni kwamba dhahabu ilikuja na mito hiyo hiyo, ikazama kati ya kokoto kwa sababu ya uzito wake, kama inavyobaki chini ya karai la mchimbaji mdogo mchanga unapopepetwa majini. Wapo wanajiolojia wanaosema maji ya moto yaliipitisha dhahabu humo baadaye sana, na wengi leo husimama katikati: ililetwa na mito, kisha ikasogezwa kidogo na maji ya moto. Mjadala haujafungwa, kwa hiyo mtoto akiuliza ni vyema kumwambia hivyo.

Na kile kilichong'aa? Pairaiti ni chuma kilichoungana na salfa. Jina lake linatokana na neno la Kiyunani la moto, kwa kuwa ukiigonga pairaiti kwa chuma hutoa cheche. Katika mwamba wa kule inaweza kufikia kilo 30 kwa tani, dhidi ya zile gramu 5. Kwa hiyo kitu cha njano utakachokiona kwenye ukuta wa mgodi ule, karibu kila mara, ni yenyewe. Lakini kuinyooshea kidole si kupotea kabisa: katika Witwatersrand pairaiti na dhahabu hukaa pamoja katika "sukari" ile ile, na mng'ao wake ulimwonyesha mchimbaji kwamba yuko kwenye tabaka linalofaa. Mahali pengine inajaa mlima mzima bila hata chembe ya dhahabu.

Basi walijuaje pa kuchimba, kama macho hayasaidii? Walikuwapo wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kukwangua vipande vya mwamba kwa vipimo maalumu ukutani, kuvitia kwenye mifuko yenye namba, na kuvipeleka maabara. Huko vilisagwa, vikayeyushwa pamoja na oksidi ya risasi. Risasi ikiyeyuka hukusanya dhahabu yote iliyomo, kisha huchomwa ndani ya kikombe cha vinyweleo kinachoinyonya risasi na kuacha tone dogo la dhahabu na fedha, ambayo nayo huondolewa kwa asidi. Kilichobaki hupimwa. Namba ikarudi chini, na alama ya rangi ikapakwa ukutani. Wachimbaji walifuata rangi iliyopakwa na binadamu, si mng'ao wa jiwe.

Kuitoa ndiyo ilikuwa shida kubwa zaidi. Miaka ya mwanzo walitumia zebaki, kama wanavyotumia bado wachimbaji wadogo wengi kwetu, kwa hasara kubwa ya afya zao. Zebaki hushika dhahabu inayoigusa. Karibu na uso wa ardhi mvua na hewa zilikuwa zimeshaiozesha pairaiti, dhahabu ikawa huru, na zebaki ikafanya kazi. Walipochimba chini zaidi wakakuta pairaiti mbichi, dhahabu imefungiwa, sehemu kubwa ikawa inapotea na maji, na mwisho wa miaka ya 1880 wengi waliamini Johannesburg imekwisha.

Fikiria chumvi imemwagika kwenye mchanga. Huwezi kuiokota chembe kwa chembe, na hata ukiwa na macho ya tai huna vidole vya kutosha. Lakini mimina maji: chumvi itayeyuka, mchanga hautayeyuka. Chuja, umwage mchanga, kisha uitoe chumvi kwenye maji. Dhahabu haiyeyuki kwa maji, wala kwa asidi nyingi, ila mwaka 1887 huko Glasgow, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya njia ya kuiyeyusha kwa maji yenye kidogo sana ya sayanaidi, kemikali yenye sumu kali, pamoja na hewa. Mwamba unasagwa kuwa unga, unamiminiwa maji hayo, dhahabu inaingia majini, kisha madini ya zinki yanaitoa. Njia hiyo ilifika Witwatersrand mwaka 1890 na mji ukaokoka. Kwa maneno mengine, utajiri wote ule ulitoka kwenye kitu ambacho karibu hakuna aliyekiona mpaka kiwandani.

Unga uliobaki ulirundikwa, na ndio vilima vya njano unavyoviona ukiwa barabarani Johannesburg. Watoto wangu walidhani ile njano ni dhahabu. Ni kutu: chuma cha pairaiti kimeoza kwa hewa na mvua. Kuoza huko huko hutengeneza asidi, na maji yenye asidi yamepanda katika mahandaki ya zamani baada ya pampu kuzimwa. Ndiyo maana ziara inaishia mita 75 hivi chini ya ardhi, ingawa shimo lenyewe linashuka mbali zaidi.

Wapo waliolipa kwa mapafu yao. Vumbi la kokoto nyeupe za quartz huharibu mapafu, na wachimbaji walitoka mbali: Msumbiji, Malawi, Lesotho, na hata kusini mwa Tanganyika, ambako shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kama Wenela lilichukua vijana, Wanyakyusa wengi miongoni mwao. Msomaji wa Rungwe huenda ana babu aliyewahi kusimama katika kuta kama zile.

Mwisho wa ziara huyeyushwa dhahabu mbele ya wageni na kumiminwa kwenye kalibu. Hapo ndipo mwanangu alipoiona. Mche wa kawaida wa benki kuu una kilo 12.5 hivi, kwa gramu 5 kwa tani ni mawe tani 2,500, yaani lori la tani 10 safari 250. Nilipotaka kipimo cha karibu na nyumbani nilikumbuka sarafu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina gramu 7.168, robo yake ikiwa si dhahabu. Dhahabu halisi ni gramu 5.4. Sarafu moja ya tembo, tani moja na kidogo ya mwamba wa Johannesburg.

Mkirudi nyumbani na kijiwe kinachong'aa, kigeuzeni kwanza taratibu kwenye jua. Pairaiti humeta upande mmoja na kufifia upande mwingine. Dhahabu hubaki na rangi ile ile, hata kivulini. Kisha chukueni kigae cha sakafuni, mkigeuze upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, mkwaruze kijiwe juu yake. Dhahabu huacha mstari wa njano. Sisi tulipata mstari mweusi wenye ukijani kwa mbali, na kigae kile bado kipo dirishani jikoni.