Kabla hujalipia Subaru iliyopita mashindanoni

Mwaka jana kijana mmoja aliingia katika karakana ya chuo chetu na Impreza WRX STI ya buluu, akazima injini, akanikabidhi ufunguo na kusema, "Mwalimu, naomba mniangalizie tu kwa nini mlango wa nyuma haufungi vizuri." Alikuwa ameshalipa pesa yote. Tulipoinua kapeti nyuma ya kiti cha dereva tukakuta kibati cha ukubwa wa kiganja kimechomelewa sakafuni na kupakwa rangi. Upande wa pili kulikuwa na kingine, na mbele viwili zaidi. Hapo ndipo ilipokuwa imesimama keji, ile fremu ya mabomba ambayo gari la rally huwekewa ili paa lisimwangukie dereva likibiringika. Aliyeikata aliikata kwa ustadi, akasaga mabaki, akapiga rangi na kurudisha kapeti mahali pake. Mlango haukuwa na kosa lolote. Bodi ndiyo iliyokuwa imepinda.

Huku kwetu magari ya namna hii si machache. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Subaru ilishinda mwaka 1997 na 2000, kwa hiyo kuna vijana waliolelewa na baba ambao hawajui gari jingine la maana. Lancer Evolution ya Mitsubishi, yaani Evo, nayo ina watu wake. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Evolution za mwisho zilitengenezwa takriban mwaka 2016. Maana yake ni kwamba Evo unayoiona ikiuzwa Nairobi leo imekuwa nchini kwa miaka, imepita mikono kadhaa, na kati ya mikono hiyo huenda mmoja ulikuwa umevaa glavu za mashindano. STI nazo zinafuata njia hiyohiyo. Tanzania haina katazo la umri kama hilo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Niseme mapema kwamba binafsi siogopi gari lililokimbia mbio. Gari la mashindano lenye mwenyewe aliye makini hubadilishwa oili mapema kuliko gari lolote la ofisini, na kila kitu chake kimeandikwa. Ninaloogopa ni gari lililokimbia kisha likafichwa. Anayeficha keji ataficha na kichwa cha injini kilichopinda.

Kwanza ujue ni mbio za aina gani, maana majeraha yake hayafanani. Gari la rally huumia chini. Lala kifudifudi, au bora zaidi lipandishe kwenye lifti, utazame sakafu: chuma kilichobonyea kwa mawe, matundu ya bolti za bamba la kukinga injini, mabomba ya breki yaliyohamishiwa ndani ya gari ili yasikatwe na mawe. Fungua boneti uchunguze pale shokamzoba inapofungwa juu. Kama kuna nyufa, au mshono wa uchomeleaji ambao haukutoka kiwandani, gari hilo limeruka na kutua mara nyingi. Halafu tafuta vumbi. Vumbi la Naivasha, lile laini kama unga ambalo watu wa rally huliita feshifeshi, haliondoki kwa kuosha. Litaondoka kwenye viti na dashibodi, ndiyo, lakini toa taa ya mbele, fungua jalada la ndani la mlango, chungulia chini ya kapeti ya buti. Utalikuta.

Gari lililozoea uwanja wa lami, kwa mfano lililotoka Japani ambako wenye magari hulipia siku ya kujikimbizia kwenye viwanja vya mbio vya Fuji au Tsukuba, halina mawe wala vumbi. Hilo huumizwa na joto. Fuji ina sehemu iliyonyooka ya karibu kilomita 1.5, na mwisho wake kuna kona kali. Gari la kilo 1,400 likishuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80, breki zake zinameza nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya zile zinazotumika kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 100. Na mzunguko unaofuata breki hukanyagwa tena palepale kabla hazijapoa. Kwa hiyo tazama diski: rangi ya bluubluu na vijiufa vyembamba kuzunguka matundu. Tazama kalipa, kile kibano kinachobana diski: rangi nyekundu iliyogeuka kahawia, mipira ya pistoni iliyokauka. Pitisha mkono ndani ya tao la gurudumu uone kama kuna vibonge vidogo vya mpira vilivyoyeyuka na kunata. Mpira huo hutoka kwenye tairi za uwanjani, na hakuna barabara ya kwenda kazini inayouzalisha. Tairi zikiwa bado ni zilezile, ukingo wa nje utakuwa umeliwa kuliko katikati.

Ndani ya gari, mambo yote ni matundu. Mikanda ya mashindano hufungwa kwenye bolti nene zenye pete, kwa hiyo inua kiti cha nyuma utazame. Mtungi wa kuzimia moto hufungwa sakafuni mbele ya abiria. Swichi ya kukata umeme wote wa gari mara nyingi huwekwa chini ya kioo cha mbele, upande wa nje, ili mtu yeyote aweze kuizima baada ya ajali. Tundu lake likizibwa huacha alama. Washa ufunguo bila kuwasha injini uangalie taa ya mifuko ya hewa: iwake, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa. Milango nayo itazamwe jua likiwa limeinama, saa kumi na moja jioni hivi, maana pale palipobandikwa namba ya mashindano rangi haikupauka sawa na pembeni yake.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Gari la rally hupita barabara za kawaida kutoka hatua moja ya mashindano kwenda nyingine, ndiyo maana hubeba namba zake za usajili kama gari lolote. Watazamaji wetu nao wanapenda kupiga picha. Andika namba ya gari kwenye mtandao, kisha pitia picha za mashindano ya miaka ya karibuni. Nimewahi kumwona mnunuzi akimaliza uchunguzi wote kwa dakika tano akiwa ameketi kibarazani kwetu na simu yake. Gari alilotaka kununua lilikuwa kwenye picha, limelala ubavu mtaroni.

Sasa injini, na hapa usiwe na haraka. Injini ya EJ20, iliyomo kwenye STI za Japani, imelala, pistoni mbili huku na mbili kule. Kwenye kona ndefu ya kasi oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na bomba la kunyonya linaweza kuvuta hewa kwa sekunde moja au mbili. Beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, chuma hugusa chuma. Injini haifi siku hiyo. Beringi huanza kulika taratibu, kisha miezi baadaye, pengine ukiwa unapanda mlima na familia, unasikia mlio wa kugonga kutoka chini ambao hakuna redio inayoweza kuufunika.

Ndiyo maana namshauri mnunuzi amwage oili, ikiwezekana mbele ya muuzaji, na akate chujio kwa msumeno. Kunjua karatasi yake uitazame juani. Vumbi la chuma linalong'aa kama rangi ya kucha ni dalili mbaya, na vipande vinavyoonekana kwa jicho vinatosha kukurudisha nyumbani. Baada ya hapo pima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne, injini ikiwa na joto. Tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini ikizidi asilimia 10 hadi 15, jiulize kwa nini. Mafundi wazuri wana kipimo kingine cha kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda na kuona ni kiasi gani kinavuja. Chini ya asilimia 10 ni salama, juu ya 20 pana tatizo. Na usitegemee namba pekee, sikiliza hewa inakotokea: ikitokea kwenye eksozi, ni valvu, ikitokea pale pa kujazia oili, ni ringi za pistoni, mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya kichwa. Kazi hii huchukua nusu siku, na gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya kuunda injini upya.

Chomeka pia mashine ya kusoma kompyuta. Kwenye STI za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kuna thamani ambayo mafundi wa Subaru huiita DAM, na inatakiwa isome 1.0. Ikiwa chini, kompyuta imekuwa ikisikia injini ikigonga na kupunguza nguvu ili kuilinda. Kumbukumbu hiyo hufutika betri ikichomolewa. Muuzaji akikuambia kwamba "betri tuliitoa jana kuisafisha," endesha kilomita kadhaa kisha usome tena.

Sauti nayo ina lake. Vijana wetu wanapenda ule mngurumo wa kudundadunda wa Subaru, lakini STI za soko la Japani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na mabomba ya eksozi yenye urefu sawa, kwa hiyo hazidundi hivyo. Ikidunda, mtu amebadilisha mabomba, na pengine ramani ya kompyuta, yale maagizo yanayoongoza injini. Vivyo hivyo gari la Japani hutoka kiwandani likiwa limefungwa lisizidi kilomita 180 kwa saa, na likizidi hapo ujue kuna mtu amelifungua. Tafadhali usilijaribu hilo kwenye Barabara Kuu ya Thika. Fundi mwenye mashine ataona akiwa amekaa.

Kama gari linatoka Japani moja kwa moja, dai karatasi ya mnada na uitafutie mtu wa kuitafsiri, hasa yale maandishi ya mkono. R au RA maana yake gari limetengenezwa baada ya kuumia mahali panapohusu umbo lake. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni iliyobadilishwa. Lakini ujue kwamba mkaguzi wa mnada hutafuta ajali na kutu, hahesabu mizunguko ya Tsukuba. Gari lililokimbizwa miaka mitatu bila kugonga ukuta linaweza kupata alama 4, ambayo ni alama nzuri, bila shida yoyote. Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa nacho kinasema tu kwamba gari linafaa kwenda barabarani. Hakuna aliyefungua injini.

Kwa lililopo nchini, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile zilizo kwenye logibuku. Injini kubadilishwa si dhambi, injini nyingi za mtumba huingia kutoka Japani na Dubai, ila badiliko liwe limeandikishwa. Soma pia bima. Sera za kawaida za gari hazilipi madhara yaliyotokea kwenye mbio au majaribio ya mwendo, na mabadiliko ambayo hukuyataja unaweza kulipia peke yako siku ya ajali. Kama keji bado imo, usiiache kwenye gari la kupelekea watoto shule. Imetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti na kufungwa mikanda ya mashindano. Kichwa kitupu kikigonga bomba lile, ajali ndogo tu inatosha.

Mwisho ni mazungumzo. Ukimuuliza muuzaji kama gari limewahi kukimbia mbio, atasema hapana, na wakati mwingine ni kweli kwa sababu aliyekimbia ni wa kabla yake. Muulize pedi za breki za mbele ni za aina gani na alizibadilisha lini mara ya mwisho. Muulize oili ya difu hubadilishwa baada ya muda gani. Mtu wa kawaida hajui, atacheka. Anayejibu papo hapo kwamba pedi hudumu miezi miwili amekwisha kukwambia. Naye usimkimbie: mwombe daftari lake na risiti. Kama anavyo, mkae mpatane bei. Muuzaji wa kumkimbia ni yule ambaye injini yake unaikuta ya moto asubuhi ulipomwomba asiiwashe, au asiyetaka uinue kapeti.

Yule kijana wa STI ya buluu hakurudishiwa pesa. Tulimpimia injini ikaonekana nzima, jambo lililonishangaza, ila bodi tulimwambia wazi kwamba haifai mwendo wa kila siku. Alikaa nayo miezi miwili, kisha akairudisha karakanani na mabomba juu ya pikapu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili walisaidia kuvikata vile vibati vyote na kuchomelea keji mpya palepale, kwa kuanza upya. Sasa anaikimbiza Jumapili kwenye uwanja wa vumbi, na Jumatatu anapanda matatu kwenda kazini.