Je, wajua kwa nini maumivu ya saratani humwamsha mgonjwa saa 8 usiku?

Mchana mgonjwa anaweza kukaa barazani, akapokea wageni, hata akacheka. Usiku wa manane huyohuyo anagugumia, anajigeuza, anamwita mtu amkande mgongo. Watu husema ugonjwa "umepanda". Mara nyingi uvimbe wa saratani uko vilevile ulivyokuwa asubuhi.

Kotisoli, homoni ambayo pamoja na kazi zake nyingine hupunguza uvimbe na wekundu mwilini, hushuka kabisa karibu na saa 6 usiku, kisha huanza kupanda kuelekea alfajiri. Redio imezimwa, wageni wameondoka, ubongo hauna cha kusikiliza ila mwili. Viungo vilivyolaliwa upande mmoja vimekakamaa. Na aliyekesha jana huumia zaidi leo, kwa kuwa kukosa usingizi kwenyewe hufanya neva zihisi maumivu upesi.

Hayo yote ni kweli, ila kabla ya kuyalaumu, tazama saa za dawa. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, kama wanavyofanya Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospice Africa Uganda iliyoanza Kampala mwaka 1993, huanza kutuliza baada ya kama nusu saa na hudumu takriban saa 4. Mgonjwa akinywa dozi ya mwisho saa 4 usiku, ikifika saa 8 imekwisha. Anaamka na maumivu, na hapo hata kidonge cha usingizi hakisaidii kitu.

Kwa sababu hiyo ratiba iliyozoeleka katika tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mara mbili. Anayetumia miligramu 5 kila mara atakunywa 10 usiku. Jumla ya siku ni 30, ileile ambayo angeipata kama angeamshwa saa 8 usiku anywe 5. Dozi hiyo maradufu huandikwa na daktari au nesi anayemhudumia, nyumbani hamjiamulii. Mwenye figo dhaifu au anayepumua kwa shida anaweza kuambiwa aamshwe anywe dozi yake ya kawaida. Omba pia maelekezo ya dozi ya nyongeza kwa maumivu yanayochomoza kati ya dozi na dozi, na chupa ikae karibu na anayemlinda mgonjwa, mbali na watoto.

Tatizo la kwanza huwa kijiko. Vijiko vya chai havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine zaidi ya 5. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, au kikombe chenye alama. Tatizo la pili ni "bado naweza kuvumilia". Mgonjwa anaruka dozi ya saa 12 jioni kwa vile hajaumia, halafu usiku anahitaji dawa nyingi zaidi kuyarudisha chini maumivu ambayo yangezuiwa mapema.

Usimwongezee Valium, Piriton au pombe ili alale. Vikichanganyika na mofini, upumuaji hupungua, na mtu anaweza asiamke. Ukimwona ana mboni ndogo kama ncha ya pini, anapumua polepole sana na haamshiki, hilo si lepe la usingizi. Mpeleke hospitali mara moja.

Zitazameni pia dawa nyingine. Deksamethasoni, anayopewa kupunguza uvimbe, humtoa mtu usingizi kabisa; inywe asubuhi, na kama ni mara mbili kwa siku, ya pili isipite saa 6 mchana, daktari akikubali. Dawa ya kukojoza nayo ni ya asubuhi. Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na tumbo lililojaa humwamsha mgonjwa sawasawa na kidonda, hivyo dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, iende nayo tangu siku ya kwanza. Maumivu ya kuwaka au ya kama shoti ya umeme ni ya neva. Mwambie daktari au nesi, kwani yana dawa yake, mara nyingi amitriptilini kidogo jioni, ambayo pia huleta usingizi. Na chai ya saa 10 jioni? Saa 3 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini.

Kitandani, mto mmoja kati ya magoti akilala ubavu, au chini ya magoti akilala chali. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2. Asipolala kwa dakika 20 hivi, asibaki akipigana na shuka: anayeweza akae kitini, asiyeweza ainuliwe kwa mito, taa hafifu, sauti ya chini, hadi kope ziwe nzito. Alale mchana kama amechoka, lakini nusu saa tu, kabla ya saa 9.

Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, pamoja na miguu kulegea au mkojo kugoma, yasisubiri kliniki. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kila saa ina thamani.

Mengine yaandikeni kwenye daftari. Mgonjwa aonyeshe kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali kupita yote. Andika saa, idadi ya vidole na dawa aliyokunywa. Ukifika kliniki na kurasa za siku tatu, nesi ataona palepale ni dozi ipi inayokwisha mapema.