Je, wajua kwa nini vitambaa vya Afrika vya karne ya 18 vimo katika makumbusho ya mji mdogo wa Uingereza?

Wisbech ni mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Nene, katika nyanda zilizokuwa vinamasi kabla watu hawajazikausha kwa mifereji. Mwaka 1835 wenyeji walianzisha chama cha makumbusho, na mwaka 1847 wakapata jengo lililojengwa mahususi kwa kazi hiyo. Humo wakakusanya kila walichokithamini, vikiwemo visukuku, sarafu, vyombo vya kauri na vitabu. Kasisi mmoja mpenda sanaa, Chauncy Hare Townshend, aliyefariki 1868, aliwaachia hata mswada wa Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens, wenye mwandiko wa Dickens mwenyewe. Wageni wengi huenda kuuona huo.

Mimi ningepita kwanza kwenye sanduku la mbao. Ndani yake kuna vitu vya Afrika ya Magharibi: vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa mkono, kazi za ngozi, mbegu na mazao. Vimekuwa Uingereza kwa zaidi ya miaka 200, na havikupelekwa huko na mtawala wa koloni wala mwanajeshi aliyeteka nyara. Vilikusanywa na mzaliwa wa Wisbech ili viwe ushahidi.

Jina lake ni Thomas Clarkson. Alizaliwa mwaka 1760, baba yake akiwa mwalimu mkuu wa shule ya mji huo. Mwaka 1785, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliingia shindano la insha ya Kilatini lililouliza kama ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao. Nia yake ilikuwa tuzo tu. Alishinda, lakini aliyoyasoma wakati wa kuandaa insha hayakumpa usingizi. Akiwa njiani kwenda London, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka kwenye farasi, akaketi kando ya barabara na kujiambia kwamba ikiwa aliyoyaandika ni kweli, basi lazima atokee mtu wa kuyakomesha.

Mwezi Mei 1787 watu 12 waliunda kamati jijini London ya kupigania kufutwa kwa biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa Waquaker, wafuasi wa dhehebu moja la Kikristo. Clarkson akawa mpelelezi wao. Katika miaka saba iliyofuata inakadiriwa alisafiri maili 35,000, sehemu kubwa akiwa juu ya farasi, akizunguka bandari za Bristol, Liverpool na kwingineko kuwahoji mabaharia na madaktari wa meli. Huko Liverpool genge la watu lilijaribu kumsukuma baharini kutoka gatini.

Wazo la sanduku lilitokana na meli mbili alizozitembelea bandarini London. Moja, iliyoitwa Fly, ilikuwa ya watumwa. Alipoona vyumba vya chini ambamo watu walifungiwa, alishikwa na hofu na majonzi. Nyingine, Lively, ilifanya biashara ya kawaida na Afrika, na ndani yake alikuta pembe za ndovu, nta, mawese, pilipili, na vitambaa vilivyofumwa na Waafrika wenyewe. Akanunua sampuli, na tangu siku hiyo hakuacha kukusanya.

Kwa nini vitambaa na pilipili vilikuwa na uzito kiasi hicho? Watetezi wa utumwa walikuwa na hoja mbili walizozirudia bungeni na magazetini. Walidai kwamba Afrika haina kingine cha kuuza isipokuwa watu, na kwamba watu wenyewe hawana ufundi wala maarifa, kwa hiyo kuwachukua ni kuwasaidia. Unaweza kuzijibu hoja hizo kwa kitabu kizima na msomaji akabaki na shaka. Ni vigumu zaidi kumbishia mtu anayekuwekea kitambaa mkononi na kukuuliza nani alikifuma.

Clarkson alilipanga sanduku lake kwa makini, katika sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa na vipande vya mbao za thamani vilivyosuguliwa hadi vikang'aa. Ya pili ilikuwa na mazao: pembe, pilipili, mpunga, pamba, nili na mengineyo. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo moyo wa sanduku zima, ilikuwa na kazi za mikono. Humo mlikuwa na kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, uzi wa pamba uliokwisha kusokotwa, vitambaa vyeupe na vya rangi, mifuko ya nyasi, kamba, visu, viatu na mikoba ya ngozi iliyoshonwa kwa ustadi. Sehemu ya nne ilibeba vifaa vya ukatili. Vya aina hiyo alivinunua Liverpool, katika duka la kawaida lililoviweka dirishani kama bidhaa nyingine yoyote. Kulikuwa na pingu za mikono na miguu, vibano vya kuminya vidole gumba, na chuma cha kupanulia mdomo kwa nguvu ili kumlisha mateka aliyegoma kula.

Clarkson alipokutana na Waziri Mkuu William Pitt alimwonyesha sampuli zake. Kwa maelezo ya Clarkson mwenyewe, Pitt alistaajabu sana, akavigeuzageuza vile vitu mikononi mara kwa mara. Huyu alikuwa mtu mwenye madaraka makubwa katika nchi ambayo meli zake zilikuwa zikibeba maelfu ya Waafrika kila mwaka, na kitambaa cha Mwafrika kilikuwa kitu kigeni machoni pake.

Sanduku peke yake halikufuta biashara hiyo. Kulikuwa na mchoro wa Brooks, meli ya watumwa, uliosambazwa kuanzia mwisho wa 1788, ukionyesha watu waliolazwa wakiwa wamebanana. Kulikuwa na maelfu ya familia zilizoacha kununua sukari ya visiwa vya Karibi. Na walikuwepo Waafrika waliojisemea wenyewe, Olaudah Equiano na Ottobah Cugoano, waliopitia utumwa na kuueleza kwa kalamu zao. Equiano alifunga ndoa mwaka 1792 mjini Soham, katika kaunti hiyohiyo ya Cambridgeshire uliko mji wa Wisbech leo. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta biashara ya watumwa mwezi Machi 1807. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Karibi ulisubiri sheria ya 1833, na hata hapo fidia ya pauni milioni 20 walilipwa mabwana.

Kuna jambo moja katika hoja ya Clarkson ambalo msomaji wa pwani yetu hawezi kulipita kimya. Aliamini kwamba biashara ya mazao na pembe ikistawi, biashara ya watu itakufa yenyewe. Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walipita njia zilezile za misafara, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Na karafuu, zao halali kabisa, ndizo zilizoongeza haja ya watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, miaka 66 baada ya ile sheria ya London, pale Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Simlaumu Clarkson kwa asiyoweza kuyaona. Nasema tu kwamba sehemu ya pili ya sanduku lake, ile ya mazao, ilibeba ahadi kubwa mno. Sehemu ya tatu, ya kazi za mikono, ndiyo iliyosema kweli tupu.

Na kweli hiyo ilichukua muda mrefu kueleweka. Mwaka 1818 wafalme wa Ulaya walipokutana Aix-la-Chapelle, mji wa Ujerumani unaoitwa leo Aachen, Clarkson alifika huko na kuonana na Tsar Alexander wa Urusi. Akatoa tena kazi za Waafrika za ngozi, chuma na pamba. Tsar naye akashangaa, akakiri kwamba hakuwa akiwadhania hivyo watu hao. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu Pitt ageuze vile vitambaa.

Clarkson alifariki 1846. Mchoraji A. E. Chalon alimchora akiwa na sanduku lake wazi miguuni, na picha hiyo iko mjini Hull, katika nyumba ya William Wilberforce, mbunge aliyeongoza kampeni hiyo bungeni. Wisbech nao walimjengea mnara karibu na mto, uliokamilika 1881. Kwenye ubavu mmoja wa mnara amechongwa Mwafrika aliyefungwa minyororo, anaomba kuhurumiwa. Ndiyo sura iliyokuwa maarufu kuliko zote katika kampeni ile, tangu mfinyanzi Josiah Wedgwood alipoitoa kwenye medali zake mwaka 1787, na ndiyo ambayo mpita njia wa Wisbech huiona kwanza. Vitambaa vimo makumbusho, ndani ya sanduku. Ningekuwa na mtoto mkononi siku hiyo, ningempeleka kwenye vitambaa kabla ya kumwonyesha mnara.