Kupanda daraja si kupata ukuu wa shule

Kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, mkoani Dodoma, Tanzania, walimu wengi huamini kuwa ukipanda daraja vya kutosha, ukuu wa shule utakuja wenyewe. Ni mambo mawili. Daraja ni ngazi ya utumishi na mshahara. Ukuu wa shule ni madaraka ya kuteuliwa, na uteuzi ukitenguliwa, mtu hurudi darasani akiwa bado mwalimu. Soma barua zako: ya daraja hutaja ngazi ya mshahara, ya uteuzi hutaja wadhifa na kituo.

Anayetaka uongozi ajifunze mapema kazi za mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia ufundishaji shuleni: ratiba ya vipindi, kukagua maazimio ya kazi (mipango ya kufundisha ya muhula au mwaka) na maandalio ya masomo (mpango wa kila kipindi). Ajifunze pia leja, yaani daftari la hesabu, na hati za malipo, maana ufundishaji mzuri pekee haumwandai mtu kusimamia fedha za shule.