Jaji asiyeona atamjuaje mwongo?

Juzi tena, nje ya mahakama hapa Malindi, nimeulizwa: "Wakili, kipofu akiwa jaji, mwongo atamjuaje?" Nilikuwa nikimsimulia mzee mmoja habari za Richard Bernstein, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyekimbia marathoni nyingi na kumaliza Ironman, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa siku moja, na mwaka 2014 akachaguliwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan, Marekani. Mbio mzee alizikubali. Ujaji ndio uliomkaa kooni.

Katiba yetu ya Kenya haina shida. Kifungu cha 166 kinataka shahada ya sheria, uadilifu, na kwa Mahakama Kuu uzoefu wa miaka 10. Macho hayakutajwa. Afrika Kusini, Zak Yacoob aliketi Mahakama ya Katiba tangu 1998 hadi 2013 bila kuona.

Lakini huo uongo! Watu wameshika kwamba mwongo hutazama chini. Nimewahi kumsimamia mama aliyeinamisha kichwa kizimbani tangu mwanzo hadi mwisho, vidole vinasokota ncha ya leso. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo mbele ya mwanamume mgeni. Kila alilosema risiti zililithibitisha. Aliyemdhulumu alimkazia hakimu macho, hata kupepesa hakupepesa. Kilichomwangusha ni maneno: pesa alilipa alasiri, akiulizwa tena alilipa baada ya magharibi, akiulizwa mara ya tatu sauti ikamkauka. Hayo yote yanasikika.

Na majaji wa Mahakama ya Rufaa wanaoketi papa hapa Malindi, shahidi gani wanamwona? Wanasoma mwenendo wa kesi ulioandikwa. Kweli, tangu kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, 1972, majaji hao hukumbushwa kwamba mahakama ya chini ilipata nafasi ya kuwasikia mashahidi na kuwaona. Kila mtu anashika kuona, kusikia wanakuruka.

Kinachonitia shaka mimi ni kesi ya mpaka, mahakama inapokwenda shambani. Hapo lazima mtu amsimulie jaji. Ni kama mbioni: mkimbiaji asiyeona hufungwa kamba fupi pamoja na mwelekezi wake, na mwelekezi haruhusiwi kumvuta. Kwenye Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, Henry Wanyoike wetu alikuwa ndiye anayemkokota mwelekezi aliyeishiwa nguvu, akashinda dhahabu ya mita 5,000. Lakini karani akisema "minazi hii ni ya zamani", huyo tayari amemvuta jaji, maana umri wa minazi ndio kesi yenyewe. Ningetaka masimulizi yaandikwe palepale, mawakili wa pande zote wakisikia, na hata hivyo sijaridhika.

Ila mara ya mwisho tulipokwenda shambani upande wa Gede, hakimu mwenye macho mazima alisimama chini ya mnazi, akautazama shina hadi kilele, kisha akatugeukia: "Huu una miaka mingapi?" Akapewa majibu mawili.