Alkotesti mlangoni: namba hupotoshwa wapi

Alkotesti, kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, ikidanganya mlangoni mwa klabu, mara nyingi si kosa la kifaa. Tazama dakika 15 kabla ya kupuliza. Mteja wa Goma humalizia chupa nje, palepale motari, dereva wa pikipiki, alipomshusha, halafu anapanga foleni. Pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba juu kuliko ile ya damu, hata kama ni funda moja la kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kusukutua maji hakutoshi. Akae dakika 15 bila kunywa wala kuvuta sigara, ndipo apulize. Akicheua au kutapika, hesabu inaanza upya.

Na ile chupa ya dawa ya mikono yenye alkoholi? Tangu Ebola ilipofika Goma mwaka 2019, kisha Covid, imekuwa samani ya mlangoni. Mvuke wake huingia kwenye kipimo vilevile. Weka maji na sabuni, na mlinzi asishike mrija wa kupulizia mikono ikiwa bado mibichi kwa dawa.

Vifaa vya bei ya chini, vyenye kihisio cha semikondakta, vinachokozwa na moshi wa sigara, manukato, hata asetoni, kemikali inayotoka kwenye pumzi ya mwenye kisukari au aliyefunga. Mimi nashauri chenye seli ya platinamu: huunguza ethanoli na kutoa umeme kidogo unaopimwa, na asetoni haiisumbui. Mtu apulize pumzi moja isiyokatika, kama sekunde 5, kwa sababu hewa ya mwanzo ni ya mdomoni na tunayoitaka ni ya chini ya mapafu. Mrija mmoja, mtu mmoja. Ikitoka namba kubwa sana, ngoja kifaa kirudi 0.00, foleni ipige kelele itakavyo.

Jambo ambalo mafundi wetu hulisahau ni mwinuko. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Anayerekebisha kifaa kwa mtungi wa gesi kavu yenye kiasi maalumu cha alkoholi bila kuhesabu hilo atakifanya kisome juu kwa zaidi ya moja ya sita, na wateja wasio na kosa watarudishwa kila usiku.

Kiwango gani basi cha kumrudisha mteja? Bia moja ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina gramu 28 hivi za alkoholi. Mwanaume wa kilo 70 akiinywa kwa tumbo tupu anaweza kukaribia miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi, yaani kikomo cha dereva kule Ufaransa. Ukitumia hicho mlangoni, utacheza muziki peke yako. Baadhi ya miji ya Uingereza ilijaribu mara mbili ya kikomo chao cha dereva, yaani miligramu 0.70, tena kwa yule tu ambaye mlinzi amekwisha kumtilia shaka kwa macho. Naona ndivyo inavyofaa.

Ila usimwambie aliyepita kwamba anaweza kuendesha. Aliyekunywa haraka na kusoma 0.25 saa nne usiku anaweza kufika 0.40 saa tano kasorobo, bila kuongeza hata tone.